Mwana Hakui Machoni pa Mzazi

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mwaka 383 Augustino, mtu mzima mwenye umri wa miaka 28, alimdanganya mama yake Monika huko Karthago, akasafiri usiku kwa merikebu kwenda Roma. Monika alimfuata hadi Milano, ambako mwanawe alibatizwa Pasaka ya mwaka 387.

Mbona hofu ya mzazi haikomi mtoto akishaota ndevu? Twaona kwamba mamlaka yake hukoma, bali upendo haukomi. Mtoto mdogo hushikwa mkono. Mkubwa huombewa tu.

Nasi tulio wana, hata wenye mvi, tusione hofu hiyo kuwa usumbufu. Tusiwafiche wazazi safari zetu. Tuwajulie hali leo, wangali hai.