Sanamu ya Delamere iko kando ya ziwa. Majina ya wazee wetu yako wapi?



Ukipanda matatu kwenda Nairobi, mkifika Elementaita angalia kulia. Kuna kilima kinafanana na mtu aliyelala chali. Wamaasai wanasema ni moran. Walowezi wakakiita Pua ya Delamere. Hebu fikiria, mlima mzima unapewa jina la pua ya mtu!

Hapo ndipo Soysambu, shamba la Delamere. Sanamu yake ilikuwa Nairobi, kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Baada ya uhuru iliondolewa, na unajua ilipelekwa wapi? Soysambu, kando ya ziwa. Kwa hiyo mlowezi ana kumbukumbu yake kwenye bonde ambalo Wamaasai walihamishwa kwa mkataba wa 1904 ili yeye na wenzake wapate nafasi.

Sasa wetu. Delamere alipoingia nchi hii mara ya kwanza, 1897, alitokea Somaliland na msafara wa Wasomali. Baadaye wakaja Isahakia, askari na watumishi wa Waingereza, na wajukuu wao bado tunaswali nao saf moja. Reli iliyozaa mji wa Nakuru ilijengwa na vibarua karibu 32,000 kutoka India, Waislamu wengi wakiwemo, na 2,493 walikufa kazini. Vita vya kwanza vikabeba askari na wapagazi. Hao walijengewa Sanamu ya Askari Nairobi, 1928, ina maandishi ya Kiswahili na Kiarabu kabisa. Lakini jina la mtu hata mmoja halipo.

Wengine watasema, "Ndugu, Uislamu na sanamu wapi na wapi?" Sawa, na mimi sitaki sanamu. Nataka ukuta wa majina, miti ya kivuli, viti, na mfereji wa maji mtu atawadhe. Hiyo ni sadaka jariya. Na iwe mahali pa wazi, watoto waingie bure. Ziwa Nakuru limekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968, lina uzio pande zote, na mtoto wa Bondeni analiona akilipa tiketi getini. Wanyama walindwe, sipingi. Lakini Katiba, kifungu cha 62, inaweka maziwa kwenye ardhi ya umma. Umma ni sisi pia, ama?

Kaunti ikiita kikao cha maoni ya bajeti, wengi wetu hatuendi. Tunalalamika baadaye kwenye simu. Safari hii twende na karatasi. Kabla ya hapo, kaa na nyanya yako baada ya Asr. Muulize baba yake alifanya kazi gani, alitoka wapi, amezikwa wapi. Andika jina lote, na la baba yake, kisha utuletee.