Nyongeza, Bakshishi au Udalali? Jina la Fedha Zinazomrudia Mnunuzi

Mnunuzi wa nyanya katika soko la Kongowea mjini Mombasa haondoki kwenye meza ya mwuzaji kabla ya kutamka neno moja: nyongeza. Mwuzaji naye, baada ya kulalamika kidogo kuhusu hali ngumu ya maisha, huongeza nyanya moja au mbili juu ya fungu. Nyongeza hiyo ina sifa tatu. Huonekana kwa macho, hutolewa papo hapo, na hutoka katika mali ya mwuzaji mwenyewe. Hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake.

Katika enzi hizi za utandawazi, soko limehamia pia kwenye intaneti, na humo mna kitu kinachofanana na nyongeza kwa umbo, ila si nyongeza. Mnunuzi hujiandikisha katika tovuti fulani, hupitia humo kwenda kwenye duka la mtandaoni, hununua bidhaa, na baada ya muda hurudishiwa sehemu ndogo ya fedha alizolipa. Matangazo huziita fedha hizo zawadi. Baadhi ya watu huziita marejesho, na vijana, kama ilivyo ada yao, hutamka tu keshibeki. Makala haya yanashikilia kwamba majina hayo yote yanamnyima mnunuzi ukweli anaouhitaji, na kwamba jina linaloafiki ni mgao wa udalali. Suala hili si la istilahi pekee, kwani asiyejua jina halisi la fedha anazopokea hawezi kujua iwapo anaweka akiba au anatapanya.

Yafaa kwanza kueleza jinsi mpango huu unavyofanya kazi. Duka la mtandaoni huwalipa kamisheni wale wanaolipelekea wateja. Mnunuzi anapobofya kiungo cha tovuti ya kati, vidakuzi huhifadhiwa katika kompyuta au simu yake ili duka litambue ametumwa na nani. Akinunua, duka humlipa aliyemtuma, naye aliyemtuma humgawia mnunuzi sehemu ya malipo hayo. Kampuni ya Ebates ilianza biashara hii nchini Marekani mwaka wa 1998. Mwaka wa 2014 ilinunuliwa na Rakuten ya Japani kwa takribani dola bilioni moja, na tangu 2019 inatumia jina la Rakuten. Nchini Uingereza, Quidco na TopCashback zilianzishwa mwaka wa 2005. Hakuna mwekezaji awezaye kutoa dola bilioni moja kununua kampuni ya kugawa sadaka. Kinachouzwa na kununuliwa hapa ni udalali.

Ushahidi mwingine umetokea hivi majuzi. Mwezi wa Desemba 2024, Honey, programu ya kutafuta punguzo la bei inayomilikiwa na PayPal, ilishutumiwa kwamba ilikuwa ikibadilisha vidakuzi dakika za mwisho za ununuzi ili kamisheni iwaponyoke waliomtuma mteja na iiendee yenyewe. Kesi zikafuata katika mahakama za Marekani. Shutuma hizo zilipingwa, na si kazi ya makala haya kutoa hukumu. Hata hivyo, ugomvi wenyewe unatosha kuwa funzo. Wanaogombana ni madalali, na kinachogombaniwa ni ujira wa kumleta mnunuzi dukani.

Mkenya asidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo pekee. Ndugu na jamaa walioko Marekani na Uingereza wanazitumia tovuti hizo katika ununuzi wa kila siku, na binamu zake mpango huu wamekuwepo nchini kwa muda. Safaricom ilianzisha alama za Bonga mwaka wa 2007, na maduka makubwa nayo yakatoa kadi za kulimbikiza alama. Wazo lenyewe ni la kale. Huko Marekani, kampuni ya Sperry and Hutchinson ilianza mwaka wa 1896 kutoa stempu za kijani ambazo wanunuzi walizibandika vitabuni na baadaye kuzibadilisha kwa bidhaa. Tangu hapo kanuni haijabadilika: alama ni ahadi, na ahadi hudumu kwa kadiri mtoaji wake anavyodumu. Nakumatt, iliyokuwa na matawi zaidi ya sitini katika Afrika Mashariki, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Kadi iliyojaa alama ina faida gani kwa mwenyewe pindi duka la kuzikomboa linapofungwa?

Sasa turejee kwenye lugha. Kiswahili ni lugha inayopambanua malipo kwa makini mno. Aliyeokota kilichopotea hupewa kiangazamacho. Anayemwona mtoto mchanga kwa mara ya kwanza hutoa fola. Anayetaka kuwekewa bidhaa hutanguliza arubuni. Msafiri wa kikazi hupewa masurufu, mwandishi hulipwa mrabaha, na anayestaafu hupokea kiinua mgongo. Afisa asiyetenda kazi mpaka ashikishwe kitu mkononi hupewa mlungula. Kila jina humweleza msikizaji nani anatoa, nani anapokea, na kwa nini. Jamii ya Kenya inaijua vyema gharama ya kuliacha jina halisi na kushika la mzaha, kwani mlungula ulipoanza kuitwa chai, aibu yake ilipungua na watoaji wakaongezeka.

Kwa kipimo hicho, fedha za mtandaoni haziwezi kuitwa nyongeza, kwa kuwa hazitoki kwa mwuzaji moja kwa moja wala hazitolewi papo hapo. Si bakshishi, kwa kuwa bakshishi hutolewa kwa hiari ya mtu aliyeridhika. Si marejesho pia, maana marejesho humfanya mpokeaji aamini kwamba amerudishiwa alichotozwa kimakosa. Ni sehemu ya ujira wa dalali, aliyekubali kumgawia mnunuzi ili mnunuzi arudi tena.

Tofauti hii hujidhihirisha mfukoni. Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa HELB. Ameona mkoba wa shilingi 3,000 na ameahidiwa asilimia tano. Akiamini kwamba ni zawadi, atajiambia kuwa amepata shilingi 150. Akijua kwamba ni mgao wa udalali, atatambua kuwa ametoa shilingi 2,850, na atauliza maswali mawili: je, alikuwa akiuhitaji mkoba huo kabla ya kuona tangazo? Je, duka la jirani linauuza kwa bei gani? Ikiwa jirani anauuza kwa shilingi 2,700, basi huyo aliyedhani amepata 150 amepoteza 150. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini ni wao pia waliosema chovya chovya humaliza buyu la asali. Matangazo huinukuu methali ya kwanza na kuificha ya pili.

Hii haina maana kwamba mpango huu haufai. Anayenunua kitu alichokwisha kukusudia kununua, kwa bei ambayo ameilinganisha kwingine, anapata faida ya kweli. Sharti akumbuke kwamba malipo hayaji mara moja, kwa kuwa duka husubiri kwanza muda wa kurudisha bidhaa upite, na kwamba akiirudisha bidhaa hapati kitu. Akumbuke vilevile kwamba dalali anaweza kuona na kuhifadhi taarifa za ununuzi wake. Mkono mtupu haurambwi, na mara nyingi kilichomo mkononi mwa mnunuzi ni habari zake za siri.

Yamkini wapo watakaosema kwamba mjadala wa jina ni wa wasomi wasio na kazi, na kwamba keshibeki limekwisha kueleweka. Hoja hiyo ina uzito, kwani Kiswahili hakijawahi kuogopa kukopa. Neno dalali lenyewe lina asili ya Kiarabu. Tatizo la keshibeki si ugeni wake. Ni kwamba neno hilo humwambia mtu kuwa pesa zinarudi, halimwambii zinatoka wapi. Mama mboga aliyepata simu ya kisasa jana halielewi ila kwa kuelezwa, ilhali neno dalali analijua tangu utotoni, na analijua pamoja na tahadhari zake.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, inabainika kwamba masharti ya mipango hii yanapoandikwa kwa Kiingereza kigumu pekee, haki hiyo huwa nusu. Hapa ndipo vyama vya Kiswahili vyuoni vina kazi inayowasubiri. Pamoja na kongamano na mashairi, wanachama wayachukue masharti ya kadi moja, alama moja au programu moja kila muhula, wayatafsiri kwa Kiswahili sanifu chenye kueleweka, na kuyabandika mahali ambapo mwanafunzi na mpishi wa mkahawa wa chuo wataweza kuyasoma. Kazi hiyo haihitaji ufadhili. Na siku mpishi huyo atakaposoma kwamba alama alizozihifadhi zina tarehe ya kumalizika, atakuwa amepata kutoka kwa Kiswahili nyongeza ya kweli, ile inayoonekana kwa macho na kutolewa papo hapo.