Uzio wa kambi hauchuji maji

Wengi hudhani familia ya mwanajeshi aliye ng'ambo huwa salama zaidi ikiishi kambini. Huko Naples, Italia, jeshi la wanamaji la Marekani lilianza kupima maji ya nyumba za kupanga mitaani mwaka wa 2008, na familia zikaambiwa zitumie maji ya chupa, hata ya kupigia mswaki. Hapo hata mimi ningehamia kambini. Lakini Novemba 2021, mafuta ya ndege kutoka matangi ya Red Hill, Hawaii, yaliingia katika maji ya nyumba za jeshi lenyewe. Watu walitapika na kuumwa na kichwa. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza kodi, uliza maji yanatoka wapi na yalipimwa lini. Hapa Nairobi huwauliza hivyo wagonjwa wangu wanaoharisha, wengi hawajui.