Muungurumo Msikitini na Waya Usiopaswa Kukatwa

Abdullah bin Zaid (r.a.) alipooteshwa maneno ya adhana, Mtume (s.a.w.) alimwamuru amfundishe Bilal (r.a.), kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa nzuri na yenye kufika mbali kuliko yake. Tangu siku zile za Madina, basi, ubora wa sauti ya mwito ni jambo la kuangaliwa. Leo sauti hiyo hupita katika nyaya, na katika nyaya hizo ndiko tunakokosea.

Katika misikiti mingi ya kwetu, Bukoba mjini hata vijiji vya Muleba, akina mama hufuata darsa kupitia spika iliyo nyuma ya pazia au katika chumba cha pembeni. Mara nyingi kinachowafikia ni muungurumo mzito usiokoma, unaomeza maneno ya shehe. Watoto huanza kucheza, mama hukata tamaa, na kamati husubiri msimu wa kahawa ili ichangishe fedha za amplifaya mpya. Amplifaya huja, muungurumo ukabaki pale pale.

Sababu yake mara nyingi ni hii. Miksa imechomekwa karibu na mihrabu, amplifaya imechomekwa stoo. Kila chombo kina waya wake wa ardhi, kisha waya wa sauti unaviunganisha. Hapo hupatikana mzunguko, na umeme wetu wa mawimbi 50 kwa sekunde hupenya humo na kusikika katika spika.

Sasa tufike kwenye lililotufanya tushike kalamu. Wapo mafundi ambao, ili kuunyamazisha muungurumo huo, hukata waya wa ardhi wa amplifaya. Ni kweli, kelele hukoma. Lakini siku hitilafu ikitokea ndani ya chombo, bati lake, na hata kipaza sauti cha chuma, huweza kubeba volti 230. Atakayekishika alfajiri ni muadhini aliyetoka kutawadha, mikono ikiwa bado na maji. Huko ni kununua utulivu wa spika kwa roho ya mtu.

Dawa ya salama ipo, nayo ni kisanduku kidogo cha transfoma ya laini ya sauti. Ndani yake mna koili mbili za waya wa shaba juu ya kiini cha chuma. Sauti ikiingia koili ya kwanza huzaa usumaku unaobadilika, nao huzaa umeme wa sauti ile ile katika koili ya pili, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Kwa kuwa koili hizo hazigusani, maneno huvuka lakini mzunguko wa muungurumo hukatika, na waya wa ardhi hubaki mahali pake. Kisanduku hiki hakihitaji umeme wala betri.

Kabla ya kukinunua, chomekeni miksa na amplifaya kwenye soketi moja; pengine hilo pekee litatosha. Lisipotosha, kisanduku kiwekwe kati ya miksa na amplifaya, kamwe si kati ya amplifaya na spika, kwani kimeundwa kwa umeme mdogo. Wala kisichanganywe na transfoma zilizo nyuma ya spika za honi za mnara, ambazo kazi yake ni kupeleka nguvu kwenye waya mrefu wa volti 100. Tena hakitaondoa mwangwi wa kuta, wala mlio mkali wa kipaza sauti kilichosogezwa karibu na spika.

Ndugu zetu, fedha za msikiti ni amana, na uhai wa muadhini ni amana kubwa zaidi. Ijumaa hii, baada ya swala, mmoja wetu aiulize kamati kwa adabu: waya wa ardhi wa amplifaya yetu upo, au ulikatwa? Ikiwa ulikatwa, urudishwe kabla ya adhana ya Alasiri.

Wabillahi tawfiq.