Daftari la Mwenye Nyumba Kijana

Wahenga walituusia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hainitoki akilini tangu kikundi chetu cha akiba, ambacho wanachama wake wote ni vijana wa chuo na waliohitimu karibuni, kiliponiteua kuwa mweka hazina na kunitwika jukumu la kuchunguza mradi mmoja: kununua vyumba vya kupangisha katika kijiji cha Kambi Muru, Kibera.

Wenzangu wamekwisha kupiga hesabu. Vyumba kumi, kila kimoja kwa shilingi 3,000 kwa mwezi, vitaingiza shilingi 360,000 kwa mwaka. Mapato hayo yatanunua vyumba vingine, navyo vitazaa vingine, hadi tuwe wenye nyumba mashuhuri kabla ya kutimiza miaka thelathini. Siilaumu ndoto hii. Ajira ni adimu, nao watu wanahitaji mahali pa kulala. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2004 katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi ulibaini kwamba kaya 92 katika kila 100 zilikuwa za wapangaji. Mitaa ya namna hiyo haiwezi kukosa wenye nyumba. Ninachokitilia shaka ni daftari letu. Ni maoni yangu kwamba tumeandika ukurasa mmoja tu, ule wa mapato, na kuacha kurasa tatu zikiwa tupu.

Ukurasa wa kwanza ni wa ardhi. Mbona tumechagua Kambi Muru badala ya Kawangware? Huko Kawangware, jirani ya Lavington, sehemu kubwa ya ardhi ina wenyewe na hati zao. Anayenunua ploti huko hununua udongo pamoja na kuta, na bei yake humfukuza kijana asiye na dhamana ya kuipelekea benki. Kibera bei ni nafuu kwa sababu muuzaji hauzi ardhi. Hana ardhi ya kuuza. Anachouza ni kuta za udongo, mabati, na karatasi ya makubaliano iliyoshuhudiwa na chifu au wazee wa kijiji.

Hali hii ina historia ndefu. Askari wa Kinubi walioitumikia serikali ya kikoloni walipewa makao katika msitu huu, na mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa rasmi kuwa eneo la jeshi. Makao walipewa, hati hawakupewa. Ilibidi wajukuu wao wangoje hadi Juni 2017 ndipo wakabidhiwe hati ya ekari 288, nayo ni hati ya jamii, si ya mtu binafsi. Ardhi nyingine iliyobaki Kibera imeendelea kuhesabiwa kuwa ya serikali. Basi neno "kambi" katika jina la kijiji chetu lisitupite hivi hivi, kwa maana kambi ni makao yanayoweza kung'olewa. Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kufungua njia ya kuunganisha barabara za Ngong na Lang'ata, na maelfu ya watu wakalala nje. Unafuu wa bei tunaoufurahia ni hatari iliyokwisha kukadiriwa na muuzaji, naye anatuuzia hatari hiyo pamoja na mabati.

Ukurasa wa pili ni wa mpangaji. Lugha yetu humwita mpangaji yule anayelipia chumba, na humwita mpangaji pia yule anayepanga mambo. Wenye nyumba wengi hukumbuka maana ya kwanza na kuisahau ya pili. Mwishoni mwa mwaka 2001 mabishano juu ya kiwango cha kodi, yaliyochochewa na kauli za wanasiasa, yaligeuka kuwa ghasia Kibera. Watu waliuawa na wengine wengi wakayahama makao yao. Fauka ya hayo, Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, ilitungwa ili kuwalinda wapangaji wa nyumba za kodi ndogo wasifurushwe bila amri ya baraza linalohusika. Hata hivyo, katika vichochoro vyetu bado utasikia habari za mwenye nyumba aliyeng'oa mlango wa mdaiwa, au kumwezulia mabati wakati wa mvua. Je, sisi tuliosomea fasihi ya wanyonge tutamtuma nani akang'oe mlango?

Tusisahau pia kwamba neno "kodi" lina maana mbili. Mapato ya pango yakizidi shilingi 288,000 kwa mwaka, serikali hudai asilimia 7.5 ya mapato yote, kiwango kilichoanza Januari 2024. Katika shilingi 360,000 zetu, 27,000 si zetu. Serikali isiyotupa hati ya ardhi haikosi kutudai kodi ya kuta.

Ukurasa wa tatu ni wa choo, na hapa sina budi kuzungumza kama mtoto wa mpangaji. Nililelewa katika chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, katika ploti iliyokuwa na choo kimoja cha shimo. Shimo lilipojaa lilifungwa, nasi tukawa tunabisha kwa majirani au kulipia choo cha nje. Usiku mama alitukataza kutoka. Mwenye nyumba hatukumjua kwa sura. Tulimjua msimamizi wake, aliyefika kila tarehe tano akiwa na kitabu cha risiti. Katika kitabu kile choo chetu hakikuwa na ukurasa.

Wenzangu husema kwamba tukigeuza chumba kimoja kati ya kumi kuwa choo na bafu, tutapoteza shilingi 36,000 kwa mwaka. Ni kweli. Hata hivyo, vyumba kumi vikikaa vitupu kwa mwezi mmoja na siku sita kila kimoja katika mwaka, kwa kuwa wapangaji wamechoka na kuhama, hasara ni hiyo hiyo. Gharama ya kuchimba na kuzoa taka ipo, wala siifichi. Lakini mpangaji anayekaa miaka mitano ana faida kuliko watano wanaokaa mwaka mmoja mmoja, na ndiye atakayesimama mlangoni siku ya moto au ya fujo.

Wapo watakaosema kuwa tusiponunua sisi atanunua mwingine, tena mwenye roho ngumu zaidi. Hoja hii ina uzito, lakini inatetea ununuzi wa ploti moja na kuitunza. Haitetei kukusanya vyumba hamsini tusivyoweza kuvitembelea.

Pendekezo langu kwa kikundi, na kwa kila kijana anayesoma makala haya, ni hili. Kwanza, tusikope fedha kununua kuta zilizosimama juu ya ardhi isiyo na hati. Tutumie tu akiba ambayo tukiipoteza hatutalala njaa. Pili, tuanze na ploti moja, choo na maji vitangulie chumba cha ziada, na kodi isipandishwe kwa kisingizio hicho. Tatu, mmoja wetu aishi humo humo, alipe kodi kama wengine, na ashiriki foleni ya asubuhi.

Kikao chetu ni Jumamosi ijayo. Nitalifungua daftari mbele ya wenzangu, niwaonyeshe kurasa tatu tupu, nami nitawaomba tusiweke saini popote kabla hazijajazwa.