Pikipiki za Waya na Elimu ya Kipimo

Wako wasomi wanaoamini kwamba ufundi hutufikia ukiwa ndani ya sanduku. Huwaona watoto wa Kahama na Geita wakikunja waya, wakikata makopo na kuchonga magurudumu katika ndala zilizochakaa, hata ikapatikana pikipiki ndogo, nao hutabasamu na kusema, "Mchezo tu huo." Kisha hutoa shauri: shule zinunuliwe vipande vya kuunganisha mifano ya pikipiki za kale, kama vile vinavyouzwa na kampuni ya Tamiya ya Japani, ili watoto wajifunze ufundi wa kweli. Shauri hili lina nia njema, lakini nia njema si hoja. Mimi nalikataa, na sababu zangu ni tatu.

Kwanza, tuitazame kazi yenyewe. Vipande vya sandukuni vimekwisha kupimwa, kukatwa na kutiwa namba. Karatasi ya maelezo huamuru kipi kitangulie na kipi kifuate. Kazi hiyo yataka subira na mkono mtulivu, wala siidharau. Bali kila swali gumu limekwisha kujibiwa na mtu mwingine. Mtoto wa waya hana karatasi. Hana budi kuiendea pikipiki yenyewe, kuitazama inavyosimama, na kujiuliza kwa nini uma wa mbele umelala badala ya kusimama wima, na mnyororo unapitaje bila ya kugusa tairi. Mmoja hutii, mwingine huchunguza. Na elimu haianzi ila kwa kuchunguza.

Pili, nitaambiwa kwamba pikipiki ya waya haina kipimo: usukani hurefuka kupita kiasi, na gurudumu huizidi injini. Ni kweli. Lakini kosa hilo si la waya. Ni letu sisi tusiompa mtoto rula. Tuseme vitovu vya magurudumu mawili vimeachana kwa sentimita 120. Kwa kipimo cha 1 kwa 12, mfano utapata sentimita 10. Uzito je? Urefu, upana na kimo vyote vimegawanywa kwa 12. Basi pikipiki ya kilo 100, ikiigwa kwa vitu vile vile, haigawanywi kwa 12 bali kwa 1,728, na mfano wake utakuwa na gramu 58 hivi. Spoku ya milimita 3 itakuwa robo ya milimita, nyembamba kuliko waya wowote alio nao mtoto. Hapo atajua kwamba si kila kitu hupunguzika kwa uaminifu, na kwamba fundi hulazimika kuchagua. Anayeunganisha vya sandukuni hakuulizwa kuchagua.

Tatu, liko jambo la kumbukumbu. BSA M20, iliyotumiwa na jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, imekwisha kutolewa sandukuni. Honda Super Cub, iliyozaliwa mwaka 1958 na kupita idadi ya milioni 100 mwaka 2017, haitasahauliwa kamwe. Lakini nani ataikumbuka pikipiki ya Rwamgasa au Nyarugusu, yenye keria iliyoongezwa na fundi wa mtaani ili ibebe mifuko ya mawe ya dhahabu? Hakuna kiwanda kitakachoiiga. Ikichoka, hukatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, na akili ya fundi yule huenda pamoja nayo. Mwanafunzi mwenye rula, daftari na waya aweza kuipima kabla haijakatwa.

Mwaka 2017 serikali ilizuia makinikia yasipelekwe nje, nasi tuliafiki kwamba mali isiyosafishwa isitoke nchini. Yastaajabisha kwamba watu wale wale huridhika akili ya watoto wetu ibaki haikusafishwa, ilhali wakiagiza iliyosafishwa ng'ambo. Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kazi na masomo visitengane. Na Sera ya Elimu na Mafunzo, katika toleo lake la 2023, imeipa elimu ya amali mkondo wake. Sera imekwisha kusema. Iliyobaki ni meza ya kazi darasani.

Basi walimu wa Shinyanga na Geita wasingoje sanduku. Wawapeleke wanafunzi kwa fundi, waipime pikipiki kuukuu, waichore, ndipo waiunde kwa waya na bati, na kila kosa la kipimo lisahihishwe kama lisahihishwavyo kosa la hesabu. Mwenye kupenda vya sandukuni avinunue kwa furaha yake nyumbani. Fedha ya shule inunue rula, koleo na misumeno.