Simu Yaweza Kufundisha, Lakini kwa Lugha Gani?

Kila muhula unapoanza, suala la simu za mkononi hurejea katika mikutano ya wazazi na walimu kama irejeavyo mvua ya alasiri katika vilima vya Kericho. Walimu hushikilia kwamba simu ni adui wa masomo. Hupekua masanduku ya wanafunzi wa bweni, wakazinyang'anya na kuzifungia kabatini. Baadhi ya wazazi nao hujibu kwamba ulimwengu umekwisha kubadilika, na mtoto asiyejua kuitumia simu kujipatia elimu ataachwa nyuma na wenzake. Mjadala huo nimeusikiliza mara nyingi, Litein na Sotik, Kapkatet na Bomet mjini, na kila mara nimeondoka nikiamini kwamba pande zote mbili zinabishania mlango ilhali mgeni amekwisha kuketi sebuleni.

Simu imekwisha kuingia katika maisha ya mwanafunzi, tupende tusipende. Mkulima wa chai huitumia kupokea malipo yake, mchumaji huitumia kutuma fedha nyumbani, na kijana aliyemaliza shule huitumia kutafuta kazi. Kwa hiyo, jambo linalostahili kutushughulisha sisi walimu ni hili: simu hiyo inapofundisha, inasema kwa lugha gani, na nyuma yake yuko nani?

Nitaeleza kwa kisa. Shule zote nchini zilipofungwa katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, nilirejea nyumbani Bureti, ambako madirisha yetu yanatazamana na mashamba ya chai. Jirani yetu alikuwa na binti wa darasa la sita. Mwalimu wake, mtu mwenye bidii ya kusifika, alikuwa akiwatumia wazazi maswali ya sayansi kwa arafa, ili watoto wasikae bure. Simu iliyokuwapo nyumbani humo ilikuwa moja tu, kabambe ya baba, na baba huyo alishinda nayo shambani na kisha kwenye kituo cha kununulia chai. Ilirudi jioni. Binti aliyasoma maswali usiku kwa taa ya sola, akayanakili daftarini, na asubuhi akaja kwangu.

"Mwalimu," aliniambia, "swali hili sijaelewa linataka nini."

Swali lilikuwa la Kiingereza. Lilimtaka aeleze jinsi maji yanavyogeuka kuwa mvuke pasipo kuchemshwa, yaani mvukizo. Maana ya neno lenyewe alikuwa ameikariri kutoka kitabuni, akaitamka bila kukosea hata silabi moja, lakini hakujua alichokuwa akikisema. Nikamwuliza kwa Kikipsigis: majani ya chai yanapofika kiwandani na kutandazwa kabla ya kusagwa, hupatwa na nini? Akacheka kwa jinsi swali lilivyokuwa rahisi. Hunyauka, alisema, hupulizwa upepo, na upepo ukayanyang'anya maji yake. Na maji hayo huenda wapi? Akatazama juu, akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuandika.

Somo la sayansi alikuwa nalo tangu utotoni. Lililomkosesha ni lugha iliyosimama kati yake na ujuzi wake. Arafa ile ilikuwa imevuka milima na mabonde kwa nukta chache, ikashindwa kuvuka hatua ya mwisho kutoka kwenye kioo cha simu hadi kwenye akili ya mtoto. Nami nilipomsaidia, sikutumia chombo chochote ila swali moja katika lugha aliyoielewa.

Sisemi hivi kuwabeza waliojitahidi. Kenya ina historia ya kujivunia katika jambo hili. Shirika la Eneza Education lilibuni masomo ambayo mwanafunzi aliweza kuyapata kwa arafa kupitia nambari *291#, huduma iliyofahamika kama Shupavu 291, bila kuhitaji intaneti wala simu ya bei ghali. Wazo hilo lilikuwa la busara, kwa sababu lilianza na simu ambayo watu walikuwa nayo, si simu ambayo wafadhili walitamani watu wawe nayo. Wakati wa janga la Korona, Taasisi ya Ukuzaji Mtaala (KICD) nayo ilipeleka vipindi vya masomo redioni na kwenye televisheni. Na kabla ya hapo, mpango wa Tusome, ulioenezwa kote nchini kuanzia 2015, ulikuwa umewapa maafisa wa kusaidia utekelezaji wa mtaala vishikwambi vya kutumia wanapowatembelea walimu wa madarasa ya chini na kuwashauri.

Katika mifano hiyo, huo wa Tusome ndio unaonivutia zaidi, kwa kuwa kifaa hakikuchukua nafasi ya mtu. Afisa alifika shuleni kwa miguu yake au kwa pikipiki, akaketi nyuma ya darasa, akasikiliza mwalimu akifundisha kusoma, kisha wakazungumza. Kishikwambi kilimsaidia kukumbuka, kupima na kulinganisha. Mazungumzo yalibaki kuwa ya watu wawili.

Uchunguzi uliofanywa Botswana katika mwaka huohuo wa 2020 unatilia nguvu hoja hii. Kaya zipatazo 4,500 zilihusishwa. Baadhi zilitumiwa arafa za hesabu kila wiki. Nyingine zilitumiwa arafa hizo na juu yake zikapigiwa simu na mwalimu kwa muda wa dakika 15 hadi 20, akamwongoza mtoto na mzazi katika hesabu moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba watoto waliopata arafa pamoja na sauti ya mwalimu walipata maendeleo dhahiri, ilhali arafa pekee hazikuleta tofauti ya kuaminika. Hata hivyo, tusikimbilie kushangilia. Hapa kwetu Kenya, uchunguzi mwingine wa wakati huo katika shule zaidi ya 100 za msingi za kibinafsi, ambako pia walimu waliwapigia wanafunzi simu, haukuona ongezeko la alama za hisabati. Kwa hiyo, hata sauti si dawa ya kila maradhi. Yategemea inasema nini, inamfahamu mtoto kwa kiasi gani, na inasemwa vipi.

Hapo ndipo isimu inapoingia. Watu wa eneo hili wana sababu ya pekee ya kuelewa uwezo wa sauti inayopita hewani. Jina Kalenjin, ambalo leo hutumiwa kuwajumuisha Wakipsigis, Wanandi, Wakeiyo, Watugen na ndugu zao wengine, lilienea katika miaka ya 1940, na historia yake imefungamana na redio. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mtangazaji John Chemallan alikuwa akiwaita wasikilizaji wake kwa usemi wenye maana ya "nawaambia". Usemi huo ukashika, wanafunzi na wasomi wakauchukua, na jamii zilizokuwa na majina mbalimbali zikapata jina moja. Yaani sauti moja, katika lugha iliyoeleweka, iliwafanya watu wajitambue upya. Je, kuna teknolojia ya elimu iliyofanya kazi kubwa kuliko hiyo?

Lakini tusisahau kwamba nchi ya chai ni nchi ya lugha nyingi. Tangu makampuni makubwa yalipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, wafanyakazi wamekuja kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi, wakakaa pamoja katika kambi za mashambani. Watoto wao wamekulia humo wakizungumza Kiswahili na majirani na lugha ya mama nyumbani. Anayependekeza masomo ya simu kwa Kikipsigis peke yake atakuwa amewasahau watoto hao, na anayependekeza Kiingereza peke yake atakuwa amewasahau karibu wote. Sera yetu ya elimu yatambua jambo hili: katika madarasa ya mwanzo hadi Gredi ya Tatu, lugha ya eneo la shule ndiyo inayopaswa kufundishia. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, tena inaitaka serikali iendeleze lugha za kiasili. Lakini masomo yanapohamia kwenye simu, aghalabu sera hiyo huachwa langoni.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya watoto wa madarasa ya chini tu. La hasha. Mei 2023, katika mashamba ya Kericho, waandamanaji walichoma mashine za kuchumia chai na maisha yakapotea. Vyanzo vya ghasia hizo ni vingi, lakini mojawapo haliwezi kufichwa: kazi iliyowalisha wachumaji kwa vizazi inafanywa na mashine, na wengi wa wanaoipoteza hawajapewa ujuzi mwingine wa kushika. Mashine hizo zinahitaji mafundi. Miti inahitaji watu wanaojua kuipogoa na kutambua magonjwa yake. Mkulima mdogo anayepeleka majani yake katika kiwanda kinachosimamiwa na KTDA anahitaji kujua kwa nini majani mawili na chipukizi huleta chai bora kuliko kuchuma ovyo, na kwa nini mbolea huwekwa kwa wakati maalumu.

Mafunzo kama hayo yameshatolewa uso kwa uso. Tangu 2006, KTDA na washirika wake wameendesha shule za wakulima mashambani, ambamo wakulima hukusanyika katika shamba la mmoja wao, wakalinganisha miti na kujadiliana kwa lugha yao. Simu ingeweza kuyaendeleza mazungumzo hayo baada ya watu kutawanyika. Huduma ya Wefarm, iliyozinduliwa 2015, ilionyesha njia: mkulima wa Kenya alituma swali kwa arafa, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na mkulima mwenzake aliyeko mbali akamjibu, wote wakitumia simu za kawaida. Mkulima yule alijifunza kwa kuwa aliuliza mwenyewe, na aliuliza kwa sababu lugha ilimruhusu. Mchumaji aliyeachishwa kazi hawezi kuuliza kwa lugha ambayo aliacha kuitumia alipoacha shule.

Najua pingamizi za walimu wenzangu, na sizidharau. Simu ileile iletayo somo huleta kamari, picha chafu na usiku wa kukesha. Bando hugharimu fedha ambazo zingenunua unga. Katika nyumba nyingi simu ni ya baba, na binti huipata akiwa wa mwisho, kazi za jikoni zikiisha. Hizi si hoja za kupuuzwa. Hata hivyo, karibu zote zinahusu simu aliyoachiwa mtoto peke yake, chumbani, bila mwongozo. Mimi natetea simu iliyo mkononi mwa mwalimu au mzazi, yenye sauti ya mtu anayejulikana, inayosikilizwa na watoto kadhaa kwa pamoja. Simu ya namna hiyo haihitaji kuwa ya thamani kubwa, wala haihitaji kulala bwenini.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila shule ya nchi ya chai iwaruhusu walimu wake kurekodi masomo mafupi ya dakika tano, kwa Kiswahili na kwa lugha ya eneo, yakieleza yale ambayo vitabu vya Kiingereza vimeyaacha gizani. Mwalimu mmoja wa sayansi aliye hodari Konoin aweza kusikika katika shule 20 zisizo na mwalimu wa somo hilo. Pili, vyuo vikuu vilivyo karibu, Kabianga na Bomet, viwape wanafunzi wao wa lugha kazi ya kukusanya istilahi. Mzee aliyefanya kazi kiwandani miaka 30 ana maneno ya kuelezea joto, unyevu, uchachu na uozo ambayo hayamo katika kamusi yoyote; mwanafunzi mwenye simu aweza kuyarekodi kabla hayajazikwa. Tatu, wanaotunga mafunzo ya wakulima na vijana waanze na maswali ya wanaofunzwa, si na majibu ya wataalamu. Nne, na hili nalielekeza kwenu wanafunzi: mnapotumia simu kusoma, jaribuni kumweleza bibi yenu mlichojifunza, kwa lugha yake. Mkishindwa, hamjajifunza bado.

Hakuna hata moja kati ya mapendekezo hayo linalohitaji zabuni ya mamilioni, na huenda ndiyo sababu hayajafanyika. Twapenda vifaa kwa kuwa vyaweza kuhesabiwa, kupigwa picha na kuzinduliwa na waheshimiwa. Hatuwezi kumzindua mwalimu anayempigia mtoto simu saa moja jioni na kumwuliza, "Umeelewa?"

Yule binti wa jirani yetu alirudi shuleni zilipofunguliwa tena kikamilifu Januari 2021. Daftari lake la maswali ya arafa aliniachia nilitazame. Katika ukurasa wa mvukizo alikuwa ameandika jibu la Kiingereza kama lilivyotakiwa, na chini yake, kwa kalamu ya rangi nyingine, ameliandika upya kwa Kikipsigis. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Nadhani alitaka kuwa na hakika kwamba jibu ni lake.

Mwandishi ni mhadhiri wa isimu katika chuo kikuu.